Kinyozi na Uboho wa Mdogo Wake

Nianze na upumbavu wangu mwenyewe, maana Mikindani nzima inaujua, na usipousikia kwangu utausikia kwa mtu atakayeutia chumvi. Mimi ndiye niliyemwambia mdogo wake Kinyozi kwamba akifika hospitali kutoa uboho wa kumwokoa kaka yake, atachimbwa kiunoni kwa mtambo kama ule uliochimba visima vya gesi kule Msimbati. Nilisema mbele ya watu, kwa mbwembwe, huku nikiigiza mlio wa mtambo. Watu walicheka mpaka pilau ikawapalia. Huyo mdogo mtu naye alicheka. Asubuhi tulipomtafuta ili apande basi, hayupo.

Sasa ngoja nikwambie Kinyozi alikuwa mtu gani, maana ukibaki na habari hiyo peke yake utadhani alikuwa mgonjwa tu. Ugonjwa ulimkuta mzima, tena mbishi.

Jina lake nalijua, lakini sikulitumia akiwa hai na sioni sababu ya kuanza adabu leo. Mtaa mzima tulimwita Kinyozi. Yeye Mmakua, sisi kwetu Wamakonde, kwa hiyo tulikuwa watani, na utani kwetu una heshima yake kama kazi nyingine yoyote. Ugomvi wetu mkubwa ulihusu kabila lipi linakula panya zaidi. Ukweli ni kwamba wote tunawala, na tunawaita samaki nchanga ili wageni wasishtuke, lakini Kinyozi alishikilia kwamba Wamakua wanaonja tu, Wamakonde ndio wanaoshiba. Siku niliyovaa sare ya sekondari kwa mara ya kwanza aliniita mbele ya wateja wake.

"Mtani, hongera. Sasa utakuwa unawala kwa Kiingereza."

Kibanda chake kilikuwa cha mabati, kando ya barabara ya lami inayoshuka kutoka Mtwara mjini. Ukutani alibandika karatasi kubwa yenye picha za vichwa vya vijana, kila kichwa na namba yake na mtindo wake. Ile karatasi ilikuwa uongo mtupu. Kinyozi alijua mtindo mmoja, kupunguza kote sawasawa, na hakuwa na nia ya kujifunza wa pili. Ukikaa kwenye kiti ukamwambia unataka namba tano, anainama anaitazama karatasi kwa makini, anarudi.

"Namba tano imekwisha."

"Imekwishaje, Kinyozi? Ni mtindo, si mkate."

"Imekwisha. Iliyobaki ni hii."

Na anakunyoa hiyo iliyobaki. Kioo hakukupa mpaka amemaliza. Alisema kioo kabla ya kazi ni fitina, kinamfanya mteja aanze kujifunza unyozi wakati wembe uko shingoni.

Alikuwa na misemo yake, hatujui aliitoa wapi. "Kichwa hakina spea" alimwambia kila aliyepanda bodaboda bila kofia ngumu. Ukimsifia kwamba kazi yake nzuri, anasema, "Nywele zitaota tu, hata nikikosea Mungu atarekebisha." Na kama mteja ameanza kusengenya, Kinyozi alizima mashine, akasubiri. Hasemi kitu. Mashine ikinyamaza, mtu anasikia sauti yake mwenyewe inavyosema mambo ya ajabu, anaacha. Lakini usidhani alikuwa walii. Mashine ilizimwa tu kama wanaosengenywa ni ndugu zake au marafiki. Wakisengenywa wengine alinyoa polepole ili habari isikatike njiani.

Wivu nao alikuwa nao. Vijana fulani walifungua saluni ng'ambo ya barabara, yenye muziki na kiti kinachozunguka. Kinyozi alitangaza kwamba hana habari nao. Jioni ileile akaniita pembeni.

"Mtani, nenda kanyoe pale."

"Na wewe je?"

"Nenda kaangalie wanafanyaje. Ukirudi uniambie ukweli."

Nikaenda, nikarudi na mistari mitatu kichwani na nyota moja juu ya sikio. Kinyozi akanizunguka kama mtu anayekagua mbuzi wa kununua. Akauliza kama wembe walifungua mpya mbele yangu, nikasema ndiyo. Akauliza kama walipaka spiriti, nikasema ndiyo, tena yenye harufu nzuri. Halafu akanikalisha, akaninyoa kipara kabisa, nyota na mistari yake yote, akasema ni kwa ajili ya kuharibu ushahidi. Shuleni nilisema nimefiwa.

Kwa watoto wachanga alikuwa mtu mwingine. Mtoto akifikisha siku ya kunyolewa, Kinyozi alifunga kibanda, akaoga, akavaa kanzu, akaja na wembe mpya kwenye karatasi yake. Yeye na mkewe hawakujaliwa mtoto, na hakupenda watu walizungumzie hilo, lakini alimshika mtoto wa mtu mwingine kama ameazimwa kwa dakika chache na anajua mwenye mali anatazama. Akimaliza alimnong'oneza kitu sikioni. Mdogo wangu wa mwisho aliponyolewa nilisogea nisikie, nikidhani ni dua. Alikuwa anasema, "Usije ukawa kama kaka yako."

Na mtu huyu, aliyeshika wembe kwenye shingo za watu maisha yake yote, aliogopa sindano kuliko nyoka. Ndiyo maana alichelewa. Alianza kuchoka, tukasema uzee. Fizi zikamtoka damu, akasema mswaki mbaya. Homa ikaja ikaondoka ikarudi, akameza dawa za malaria za kununua dukani, maana dukani hawachomi. Madoa yakamtokea mikononi kama mtu aliyepigwa. Nikamwambia, "Mtani, mkeo anakupiga?" Akasema ndiyo, anampiga kwa sababu ya kukaa na Wamakonde. Mkewe ndiye aliyemburuta hospitali ya mkoa baada ya damu ya pua kukataa kukatika. Kutoka hapo wakampeleka Dar, na huko wakasema saratani ya damu.

Alikaa Dar miezi. Aliporudi mara ya kwanza alikuwa hana hata unywele mmoja, dawa zilizimaliza zote mpaka nyusi. Mtaa mzima ukaja kumwona na sura za msiba. Mimi nikasimama mlangoni nikasema, "Jamani, nani kamnyoa kinyozi? Huyo ndiye fundi, tumhamie!" Mke wake akashika mdomo. Kinyozi akacheka mpaka akalazimika kushika ukuta, akasema, "Namba tano hiyo, mtani. Imepatikana Dar."

Akafungua kibanda tena. Hakunyoa, alikaa tu kwenye benchi na kofia yake ya kufuma, akimwelekeza kijana aliyemwachia mashine, na akieleza ugonjwa wake kwa yeyote aliyeuliza. Alieleza vizuri kuliko kitabu changu cha bailojia. Damu, alisema, haitoki moyoni kama mnavyodhani. Inatengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho, ule ute mnaounyonya kwenye mfupa wa ng'ombe. Ni shamba. Shamba langu limeota magugu, na magugu yanasonga miche. Dawa za kwanza zimeyapunguza, sasa hivi hayaonekani, lakini mizizi ipo. Kwa hiyo daktari anataka kufyeka shamba lote, magugu na miche pamoja, kwa dawa kali zaidi, halafu anapanda miche mipya kutoka kwenye uboho wa ndugu yangu. Ikishika, nimepona. Isiposhika, au ikikosekana miche baada ya kufyeka, basi ndiyo nimekwisha. Kwa hiyo dawa ile kali haianzwi mpaka mwenye miche awepo.

"Na huyo ndugu, anakatwa?" mtu mmoja aliuliza.

"Hakatwi. Anachomwa sindano siku chache za kufanya miche itoke mfupani iingie kwenye damu, halafu analazwa kitandani, damu inatoka mkono huu inapita kwenye mashine inachujwa, inarudi kwa mkono huu. Au wanamlaza nusu kaputi wanavuta kidogo kwa sindano hapa nyuma ya nyonga. Anaumwa siku mbili tatu kama mtu aliyelima, basi. Uboho wake unaota tena."

Nilikuwepo. Nilikaa kwenye lile benchi nikala korosho zake na nikasikia kila neno. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu kuna watu wema wanasema nilikuwa mtoto, sikujua. Nilijua.

Kumpata huyo ndugu nako kulikuwa na vituko vyake. Hospitali ilisema iletewe ndugu wapimwe kama uboho wao unafanana na wake. Kwetu ukisema ndugu waje, umeitisha mkutano. Walikuja watoto wa mama zake wadogo, watoto wa shangazi, wajukuu wa mjomba kutoka Mpapura na gunia la mihogo, na mzee mmoja aliyeingia jando pamoja na Kinyozi, ambaye alimweleza nesi kwamba damu zao zilimwagika pahali pamoja siku moja, kwa hiyo hakuna ndugu zaidi ya yeye. Nesi alivumilia sana. Mwishoni akasema kwa sauti, "Jamani, baba mmoja na mama mmoja! Wengine mnisaidie kutoka nje." Umati wote ukatoka. Wakabaki dada yake mkubwa na mdogo wake wa kiume.

Dada hakufanana. Mdogo alifanana kwa kila kitu.

Huyu mdogo alikuwa mkwezi wa minazi Msimbati. Mtu mfupi, mkimya, kiganja kigumu kama kisigino. Alipanda mnazi wakati mtu mwingine bado anautazama. Kila alichokuwa nacho, mke, watoto, nyumba ya bati, kilitoka kiunoni na miguuni mwake, na huko kwao ikiwa mkwezi ameumia mgongo wanamsalimia kwa kumpa pole hata miaka kumi baadaye. Alipoambiwa amefanana alisema, "Haya, nitakwenda," na hakusema zaidi. Tukamsifu. Hakuna aliyemuuliza anaogopa nini.

Wakapanga safari. Jioni ya mwisho ilisomwa dua nyumbani kwa Kinyozi, ikapikwa pilau, ubani ukafukizwa, na Mkwezi akaja na mfuko wake mdogo, tayari kulala hapo ili alfajiri waondoke wote na basi la Dar. Alikaa kwenye mkeka karibu na mlango. Sahani yake ilikuwa mbele yake imejaa, na yeye anaitazama tu. Kila mtu amenyamaza, dua imemalizika, watu wanatafuna. Kwangu mimi, ukimya wa namna hiyo ni mpira uliowekwa mbele ya goli lisilo na kipa.

"Mtani," nikamwita, "umeshakiaga kiuno chako?"

Akainua macho. "Kwani kinakwenda wapi?"

"Dar. Kwa bomba, kama gesi."

Watu wakaanza kutabasamu. Nikasimama.

"Si unaona hapo kwenu Msimbati? Walikuja na mtambo wakatoboa, gesi ikapatikana, ikapita hapa mbele yetu hata haikusalimia, ikaenda Dar. Nyinyi wenye ardhi mmebakiwa na nini?"

"Geti," akasema Mkwezi. "Geti na mlinzi."

Hapo ndipo kicheko cha kwanza kilipopasuka, na ni yeye aliyekipasua. Nilikuwa na mshirika. Nikapata moto.

"Basi na wewe utarudi na geti kiunoni na mlinzi amesimama. Ukitaka kukwea mnazi uombe kibali mkoani. Watakulaza hivi," nikalala kifudifudi kwenye mkeka, "na injinia atakuja na kofia yake ngumu, aseme, leteni mtambo!" Nikafanya mlio. Nilikuwa hodari sana wa milio, ule wa mtambo nilianzia chini nikaupandisha mpaka watoto wakaziba masikio. Nikatetemesha miguu kama mtu anayetobolewa. "Simamisha! Tumefika kwenye uboho! Fungulia bomba!"

Mama yangu alisema, "We mtoto, hebu koma," lakini alisema akiwa ndani ya kanga, mabega yanamtikisika. Sheikh aliyesoma dua alijifanya anakohoa. Kinyozi alipiga goti lake kwa kiganja.

"Na wakimaliza kuchimba," akaongeza mwenyewe, "wamfukie vizuri na kifusi, asije akatumbukia mtoto wa mtu!"

Mkwezi alicheka mpaka akalala upande. Kinyozi alipotulia akafuta machozi kwa ncha ya kanzu, akasema, "Ah, ni sindano tu, mdogo wangu, usiwasikilize hawa." Lakini nani anaisikia sindano baada ya mtambo?

Basi ndiyo hivyo. Alfajiri mfuko wake haupo, yeye hayupo, simu haipatikani. Wakadhani ametangulia stendi. Stendi hayupo. Kinyozi na mkewe wakaondoka wakiamini kwamba atawafuata na basi la kesho. Siku ya tatu tukapata habari kwamba ameonekana Kilambo akivuka Ruvuma, kwenda Msumbiji kwa wakwe zake.

Nilidhani nitapigwa. Nilijiandaa kabisa, nikavaa suruali mbili. Hakuna aliyenipiga. Hakuna hata aliyenisema. Watu walizungumza habari ya Mkwezi kwa hasira, mwoga, hana utu, kaka yake anakufa yeye anakula kwa wakwe, na mimi nikiwa nimekaa palepale wananipitishia chai. Nilitamani mmoja aseme tu kwamba huyu mpumbavu ndiye aliyemfukuza. Niliwaacha wamseme.

Wajomba walivuka mara mbili kumtafuta. Mara ya pili wakampata kwenye mashamba, mbali na mto, wakarudi naye. Mke wa Kinyozi ndiye aliyetusimulia yaliyotokea Dar. Mkwezi alifika wodini na vumbi lake, akapiga magoti pembeni ya kitanda akamwambia daktari, "Nimekuja. Nichimbeni. Hata kwa jembe." Daktari akamshika bega akamwinua. Akamwambia kwamba hakuna jembe wala mtambo, na kwamba uboho wake bado ni mzuri, tatizo si yeye tena. Ugonjwa umerudi. Wakati ule wa dua ulikuwa umelala, na ndio wakati wenyewe wa kupanda. Sasa umeamka, na ukiwa umeamka hivi miche mipya haisaidii. Watajaribu kuulaza tena kwa dawa, ukikubali kulala watapanda.

Haukukubali. Walijaribu dawa hii, wakajaribu ile, mwili ukawa hauna nguvu ya kubeba nyingine. Mkwezi alikaa Dar muda wote huo, analala kwenye korido, anaosha vikombe vya wagonjwa, anangoja aitwe. Wakarudishwa Mikindani wote wawili, na uboho wake ungali mifupani mwake.

Nilikutana na Mkwezi kibandani baada ya hapo. Nilitaka kupita, akaniita.

"Mtani, kaa."

Nikakaa. Tukatazama barabara.

"Watu wanasema wewe ndiye uliyenikimbiza," akasema. Kumbe walikuwa wanasema, ila si mbele yangu. "Si kweli. Hofu nilikuja nayo mwenyewe kutoka kwetu. Wewe uliichora tu." Akasugua kiganja kwa kiganja. "Nilipolala niliiona. Na ile kofia ya injinia niliiona."

Alisema kama mtu anayenisaidia, na sikuwahi kuchapwa fimbo iliyouma kama ule msaada.

Kwa Kinyozi sikwenda. Hili nalo niliseme. Tangu aliporudishwa nilinyoa mjini, kwa watu nisiowajua, tena nikizunguka njia ya nyuma ili nisipite mbele ya nyumba yake. Mama alipeleka uji kila siku, na kila siku aliniuliza kama nitaupeleka mimi, na kila siku nilikuwa na mtihani. Sijawahi kuwa na mitihani mingi kama mwezi ule. Mwisho hata mjini nikaacha kwenda, nywele zikawa ndefu kiasi cha mwalimu wa nidhamu kuniandika jina, na ndipo zikaja salamu kupitia kwa mkewe: "Mwambie mtani wangu kichwa chake kimekuwa pori, nasikia wanyama wameanza kuhamia."

Nitaruka kidogo niseme habari ya mazishi, ili nisiishie nayo. Tulimzika Ijumaa baada ya sala, siku ileile aliyofariki alfajiri. Msibani kwetu watani wana kazi: wanalala mahali pa jeneza wakidai walipwe ndipo maiti itoke, wanaigiza marehemu alivyokuwa akitembea, wanawafanya wafiwa wacheke kwa nguvu kabla ya kulia tena. Watu walinitazama mimi. Kijana mmoja akanisukuma, "Haya, zamu yako, igiza anavyosema namba tano imekwisha." Nilikuwa naijua sauti yake kuliko mtu yeyote. Nilisimama ukutani kama mgeni. Mzee mmoja wa Kimakonde akafanya badala yangu, akakosea kila kitu, na watu wakacheka kwa heshima tu.

Alhamisi, siku moja kabla ya mazishi, ndipo nilipokwenda.

Ilikuwa baada ya alasiri. Alikuwa uani, juu ya godoro lililowekwa kwenye kivuli cha ukuta, mgongo umeegemezwa mito. Alikuwa amebaki macho na masikio. Nywele zilikuwa zimeanza kumwota tena, laini, kama za wale watoto aliowanyoa. Mkewe akaniletea kigoda, akaingia ndani makusudi.

"Mmakonde," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa yake. "Nilidhani umekwama kwenye shimo la panya."

Hapo ndipo ilipokuwa zamu yangu ya kujibu. Badala yake nikasema nilichokuwa nimekikariri njia nzima.

"Naomba unisamehe."

Akanitazama kama mtu aliyeletewa chai ya chumvi.

"Nani amekufundisha hayo?"

"Hakuna. Ni kwa ajili ya ile siku. Ningenyamaza, mdogo wako angekwenda. Nilikuwa najua ni sindano, ulituambia mwenyewe."

"Angekwenda au asingekwenda, hujui wewe wala mimi." Akapumzika. Maneno yalikuwa yanamchosha. "Lakini msamaha usiniombe. Mtani haombi msamaha kwa mtani. Ukiniomba, umekuwa mtu wa kando aliyenikosea, na mtu wa kando itabidi nimkasirikie. Sina nguvu ya kukukasirikia, nguvu iliyobaki ni ya kunywea uji."

"Basi nifanye nini?"

"Nitukane."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Nitukane kidogo," akasema. "Tangu nimerudi, kila anayeingia hapa ananong'ona. Yule fundi baiskeli, miaka yote hatusalimiani, jana kaja kunisifia. Kanisifia, mtani! Mtu ukianza kusifiwa na adui yako, jua sanda imeshapimwa. Hakuna aliyenitukana hata mara moja. Nitukane nione kama bado nipo."

Nikafungua mdomo. Mimi, niliyewahi kutolewa darasani kwa kumtania mkaguzi wa elimu. Nilimtazama nikatafuta. Kila kitu kilikuwepo: yale masikio, vile vinywele, godoro, uji uliomkauka kidevuni. Mtani mwenye akili timamu angepata matusi ya wiki nzima.

"Kichwa chako," nikaanza.

"Ehe." Akajiinua kidogo kwenye mito. Aligeuza hata sikio.

"Kichwa chako kama..."

"Kama nini?"

Kila nililolishika lilikuwa kweli, na kwa kuwa lilikuwa kweli halikuwa mzaha. Nikarudia, kichwa chako kama, kichwa chako kama, mpaka sauti ikakatika nikaanza kulia, kilio kibaya cha kitoto chenye makamasi. Aliningoja. Aliningoja kwa subira kabisa, mdomo umeachwa wazi kidogo, kama mtu anayesubiri chafya ije. Halafu nikaona uso wake unajifunga polepole, akashuka tena kwenye mito.

"Haya," akasema. "Siku nyingine."

Akageukia ukuta. Nilipoinuka akaniambia, bila kugeuka, nifunge mlango wa ua, kuku wasije wakaingia.

Mama alikuwa barazani anamenya mihogo. Nikamwambia yote, niliyoombwa na nilivyoshindwa. Hakuacha kumenya mpaka nilipomaliza. Akaweka kisu chini, akajifuta mikono kwenye kanga, akaniambia:

"Kesho ukiamka, kabla hujanywa chai, nenda ukamtukane mtani wako. Kulia utuachie sisi wakubwa, baba, maana siku ile tulicheka wote."